Amri Kutoka Juu Haijengi Majengo



Si siku nyingi zilizopita alitujia ofisini mama mmoja mzee wa Majengo, amejitanda leso, mkononi amebeba kopo la biskuti lililoanza kushika kutu. Alilifungua juu ya meza yetu. Ndani mlikuwa na stakabadhi za ada ya kiwanja, zimefungwa kwa uzi: alizolipa nyanya yake, alizolipa mama yake, na anazolipa yeye mwenyewe hadi leo. Nyumba ni ya fito na udongo, vyumba sita na ua wa kati, na kodi ya wapangaji wake ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Alikuwa na swali moja tu. Amesikia kwamba mtaa utajengwa upya. Je, siku hiyo ikifika, atahesabiwa kuwa mwenye nyumba, au atahesabiwa kuwa mtu aliyeketi juu ya ardhi ya wenyewe?

Swali hilo alikuwa amekwisha kuliuliza katika ofisi tatu. Katika ya kwanza aliambiwa faili haionekani. Katika ya pili aliambiwa arudi katika ile ya kwanza. Katika ya tatu alikuta kijana mpole aliyempa kiti, akamwambia kwa heshima, "Nyanya, mambo hayo yanaamuliwa juu." Alipoomba jibu hilo aandikiwe kwenye karatasi, akaelezwa kwamba hakuna afisa wa kulitia sahihi.

"Wanangu," akatuuliza, "huko juu ni wapi?"

Sisi tuliosoma sheria chuo kikuu tulitazamana tukakosa jibu. Tunaandika makala haya kwa sababu ya swali la mama huyo, maana tunaamini kwamba ndani yake mna sababu kubwa inayofanya sera za serikali zetu zishindwe, ziwe zimetungwa na chama hiki au na kile.

Tunazijua sababu ambazo wakubwa hutupa. Husema fedha hazitoshi. Husema kulikuwa na maafisa wachache wabaya, nao wamekwisha kuhamishwa. Wakibanwa zaidi, husema mwananchi wa mitaa kama Majengo haelewi maendeleo. Kila moja ya sababu hizo ina chembe ya ukweli isipokuwa ile ya mwisho, ambayo ni matusi. Lakini nchi maskini zimeendesha mambo mengi vizuri, na nchi tajiri zimeharibu mengi. Maafisa wabaya wamehamishwa mara elfu, na waliowarithi wakafanya yale yale. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sera hushindwa pale anayeamua asipolala kwenye kitanda hicho, na anayelala humo anapokosa njia ya kumwita mwamuzi aje kujibu. Yote mengine huanzia hapo.

MTAA ULIOJENGWA NA WENYEWE

Tuanze na Majengo yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya mkoloni iliamua kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, ikapima viwanja Pumwani na kuanza kuvunja vijiji walivyokuwa wamejijengea mjini. Haikuwajengea nyumba. Iliwapa kiwanja na ramani, ikawaambia wajenge. Wakajenga, wakiwamo wanawake wengi waliodunduliza senti zao, wakakata fito, wakakanda udongo, wakaezeka kwa madebe yaliyofunguliwa na kunyoshwa. Pangani nayo ilivunjwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, na baadhi ya wenyeji wake wakahamishiwa Shauri Moyo.

Tazama jinsi mpango ule ulivyowekwa. Mwananchi alitoa jasho, akatoa ada, akatoa kodi. Serikali ilibaki na ardhi na uamuzi. Mwenye nyumba alimiliki kuta, lakini udongo ulio chini ya kuta hakuumiliki, wala hakuwa na kura ya kumwondoa aliyeamua hivyo. Mkoloni aliondoka mwaka 1963. Mpango wake alituachia, nasi tukaurithi kama mtu anavyorithi koti la marehemu bila kupekua mifuko. Serikali huru ilikuja na ramani za kuijenga upya Pumwani, na majumba ya ghorofa yakainuka kweli. Lakini kwa miaka mingi yakabaki kuwa jambo la ugomvi: ni nani apewe, na kwa bei gani? Hayo ni maswali ambayo yangeulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kama wenye nyumba wangaliketi mezani.

TUME YA MWAKA 1983

Wapo wanaosema kwamba dawa ya uzembe ni kuwaondoa wanasiasa na kuleta watendaji. Hoja hiyo si ngeni Nairobi. Mnamo Machi 1983 serikali ililivunja Baraza la Jiji, ikawatuma nyumbani meya na madiwani, ikaweka Tume ya Jiji iliyoteuliwa. Hatutaki kuwapamba madiwani wale, kwani ubadhirifu ulikuwapo. Lakini kilichotangazwa kuwa hatua ya muda kikaongezwa muda, kikaongezwa tena, hata wakazi wa Nairobi wakakaa karibu miaka 10 bila hata diwani mmoja waliyemchagua. Je, jiji lilisafika? Aliyeishi Eastlands miaka ile anakumbuka takataka zilizorundikana na mifereji iliyokauka. Mwizi wa zamani angaliweza kunyimwa kura. Mwizi wa uteuzi alikuwa na mpiga kura mmoja tu, naye hakuwa anaishi Majengo.

Mwishoni mwa Mei 1990, chini ya Tume hiyo hiyo, askari waliteremka Muoroto, karibu na kituo cha mabasi yaendayo mashambani, wakabomoa vibanda na makao ya watu, na wakazi wakapambana nao kwa mawe. Hapakuwa na diwani wa kumkimbilia. Majuma machache baadaye Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa kwa kudai vyama vingi, na tarehe 7 Julai 1990 umati ulielekea uwanja wa Kamukunji, ambao kutoka Majengo ni mwendo wa miguu. Tukumbuke kwamba huyo Rubia ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Sisi wengine tulikuwa watoto wa shule ya msingi, tukifungiwa ndani huku moshi wa kutoa machozi ukipenya madirishani. Siku hizo watu waliuawa. Tulikua tukiambiwa kwamba Saba Saba ilihusu siasa za wakubwa. Tulipopata akili tulielewa kwamba ilihusu pia kibanda cha Muoroto, maana asiye na haki ya kuchagua hana wa kumwuliza kibanda chake kimevunjwa kwa amri ya nani.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika Desemba 1992, na jiji likapata tena madiwani. Mwaka 2010 tukapata Katiba mpya na ugatuzi. Tukadhani somo limeeleweka.

Halikueleweka. Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu, Gavana Mike Sonko alitia sahihi mkataba wa kukabidhi kazi kubwa za kaunti kwa serikali kuu: afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji. Ikaundwa idara iliyojulikana kwa herufi NMS, na kuongozwa na mwanajeshi, Meja Jenerali Mohamed Badi. Tutasema haki: kazi ilionekana. Visima vilichimbwa, hospitali zikajengwa mitaani, barabara zikawekwa lami. Wapo ndugu zetu wa Majengo watakaotuambia kwamba maji ya kisima hayaulizi aliyekichimba alipigiwa kura na nani. Nasi tunawajibu kwa upole: ni kweli, hadi siku pampu itakapoharibika. Mwaka 2022 idara hiyo ilimaliza muda wake na kazi zikarudi kaunti. Mwananchi aliyeona dosari alipelekwa kwa nani? Aliyefanya kazi ameondoka, aliyepokea anasema hakuianzisha, na uchaguzi ulipofika hakuna hata mmoja wa wale walioamua aliyekuwa na jina lake kwenye karatasi ya kura kwa sababu ya kazi hiyo. Kazi njema isiyo na wa kuulizwa ni hisani, na hisani hukatwa wakati wowote.

TANGAZO SI SERA

Tuvuke sasa hadi lango la Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambamo Wakenya wasiohesabika walivuta pumzi yao ya kwanza. Tarehe 1 Juni 2013, sikukuu ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za umma, kuanzia siku ile ile. Lengo lilikuwa jema, na hatumwungi mkono yeyote anayetaka mama mzazi azuiliwe wodini kwa deni. Lakini hebu tupime. Huduma za afya zilikuwa zikihamia kaunti chini ya Katiba mpya, na serikali za kaunti zenyewe zilikuwa na umri wa miezi michache. Aliyetangaza alikuwa mmoja, aliyepaswa kuleta fedha mwingine, na aliyepaswa kumpokea mama usiku wa manane alikuwa mkunga ambaye habari aliisikia redioni kama sisi sote. Kina mama walikuja, kama walivyoalikwa. Vitanda havikuzaa vitanda wenzao, na marejesho ya fedha yakachelewa.

Septemba 2018, Gavana Sonko alifika hospitalini hapo kwa ghafla, na picha za miili ya watoto wachanga 12 katika maboksi zikaenea nchi nzima. Wakuu wa hospitali wakasimamishwa kazi, na hospitali ikatoa maelezo yake. Taifa lililia, na kilio kilikuwa cha haki. Lakini ghadhabu mbele ya kamera si uwajibikaji. Uwajibikaji ungalikuwa hesabu iliyo wazi, ukutani, kila mwezi: kina mama wangapi walipokelewa, wakunga ni wangapi, fedha kiasi gani ziliahidiwa, kiasi gani zilifika, na nani alizichelewesha. Hesabu kama hiyo humlinda mkunga mwaminifu kama inavyomfichua mzembe. Bila hiyo tunabaki na ada yetu ya kitaifa, ya kumfukuza aliye karibu ili aliye mbali asiulizwe.

Gikomba nako ni hivyo hivyo. Soko hilo limeungua mara nyingi mno, na moto wa alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Kila mara viongozi hufika, hutoa pole, huahidi uchunguzi. Mwuza mitumba huezeka upya mabati yake na kungoja moto ujao. Msiba unaorudi mahali pamoja, kwa namna moja, haustahili tena kuitwa ajali.

Na sasa tumeletewa nyumba za bei nafuu. Mahakama Kuu ilibatilisha ushuru wa nyumba mnamo Novemba 2023, serikali ikaandika sheria mpya, na Machi 2024 ikatiwa sahihi. Asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi hukatwa, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Hatuzipingi nyumba. Ni mtu gani wa Majengo atakayepinga nyumba yenye choo ndani? Tunachouliza ni kile alichouliza mama mwenye kopo. Yule ambaye familia yake imeijenga Nairobi kwa miaka 100 ataingia katika nyumba hizo kama nani? Sera ya nyumba isiyojibu swali hilo kwa maandishi inaweza kujenga ghorofa 20, na bado ikawa bomoabomoa iliyovaa suti.

INAWEZEKANA

Msituambie kwamba kuwasikiliza watu ni ndoto. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu. Eneo hilo lina vijiji vya Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, na kaya zaidi ya 100,000. Ujenzi uliokurupuka ulisimamishwa, na mpango ukaandaliwa pamoja na wakazi wenyewe. Muungano wa Wanavijiji na washirika wake walikwenda mlango kwa mlango, kaya zikapangwa katika vikundi vidogo vidogo, na wataalamu wa vyuo vikuu, afya, maji na sheria wakaketi na watu wanaojua ni kichochoro gani hufurika. Barabara na huduma zilizokuja baadaye zilikuta mpango uko tayari na watu wanaujua. Wananchi walioambiwa ukweli wako radhi hata kusogeza kuta zao barabara ipite.

Lakini Mukuru inafundisha somo la pili, nalo ni chungu. Kufikia Novemba 2021, tingatinga zilikuwa zimeingia Mukuru Kwa Njenga kwa ajili ya barabara nyingine, na maelfu ya watu wakalala nje. Mpango mwema wa chini haukuwafunga mikono wenye amri ya juu. Ushirikishwaji usioweza kuizuia tingatinga huishia kuwa chai na mandazi ya mkutano.

Mchumi Amartya Sen, mzaliwa wa India aliyetuzwa Nobel mwaka 1998, alionyesha kwamba njaa kubwa ya kuua halaiki haitokei katika nchi yenye demokrasia hai na magazeti huru. Watawala wa nchi hizo hawana mioyo laini kuliko wa kwetu. Wana hofu: gazeti litaandika, na kura itakuja. Serikali njema haihitaji malaika. Inahitaji wanadamu wa kawaida waliowekwa mahali ambapo wakikosea wataonekana, na wakionekana watajibu.

Hapa lazima tuseme na vyama vyetu vya mageuzi pia, maana mficha uchi hazai. Tulipigania vyama vingi, na vyama tumevipata, hata vingine vinatosha ndani ya teksi moja. Lakini chama chenye mteule mmoja anayegawa tikiti usiku hotelini kinaendesha amri kutoka juu sawasawa na Kanu ya mlolongo wa mwaka 1988. Mwakilishi wa wadi aliyepata tikiti kwa njia hiyo atamtazama aliyempa, na atawapa kisogo waliompigia. Asiyewajibika ndani ya chama chake hatawajibika ndani ya serikali.

TUNADAI NINI?

Tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kwanza, kila mradi unaogusa Majengo, Gikomba na Shauri Moyo ubandikwe kwa Kiswahili ukumbini, msikitini, kanisani na kwa chifu, ukiwa na gharama yake, muda wake, na jina la afisa mmoja anayeujibia. Jina la idara halitoshi, kwa sababu idara haina uso.

Pili, mabaraza ya wakazi yanayotambuliwa na Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yaitishwe kabla ya uamuzi, na uamuzi ukitofautiana na maoni ya wakazi, sababu zitolewe.

Tatu, habari zitolewe zinapoombwa. Sheria ya mwaka 2016 imeipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Faili isiyoonekana itafutwe, na aliyeipoteza atajwe.

Nne, kazi za watu waliochaguliwa zisikabidhiwe tena walioteuliwa bila Nairobi yenyewe kuulizwa.

Na mama yetu? Tulimwandikia barua. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa serikali unapoigusa haki yake. Sheria ya mwaka 2015 iliyofuata kifungu hicho inaipa ofisi miezi 3. Ikinyamaza, sheria huchukulia kwamba haikuwa na sababu njema, hadi yenyewe ithibitishe vinginevyo. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri wa tarehe. Nakala yenye muhuri mama aliikunja, akaitia katika kopo juu ya stakabadhi za nyanya yake, akafunika.

Jibu halijafika, na siku tunazihesabu. Likifika tutalichapa hapa, liwe zuri au baya, pamoja na jina la aliyelitia sahihi. Lisipofika tutakwenda mahakamani, na tunawaomba wana-Majengo wote wenye makopo ya namna hiyo wayatoe chini ya vitanda wayalete. Stakabadhi moja ni karatasi tu, lakini za mtaa mzima ni ushahidi.